Mzee Khaw na Ulimi Uliokufa

Mpiga picha alimtaka Mzee Khaw Teong Bee atabasamu.

"Kidogo tu, Mjomba. Hii watoto wataitundika ukutani, wataitazama miaka na miaka. Wasije wakadhani ulikufa umenuna."

"Nitakufa nimenuna," alijibu Mzee Khaw. "Piga."

Alikuwa amevaa koti aliloshonewa kwa arusi ya binti yake, na kwapani lilimbana. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kunyoa. Huku Penang mzee akijipigia mapema picha ya kuwekwa mbele ya jeneza lake hakuna anayeshtuka. Ni maandalizi kama kununua mwavuli kabla ya mvua. Lakini Mzee Khaw hakuwa akijiandaa kwa siku ya mbali. Aliamini kwamba mwaka hautakwisha yu hai, na aliyempa habari hiyo ni ulimi wake mwenyewe.

Ulimi ulikuwa umekufa.

Katika ukoo wa akina Khaw, wanaume huanza kufa mdomoni. Baba yake alikuwa mchukuzi wa bandarini, mtu aliyebeba gunia la mchele kama mwingine abebavyo mto wa kulalia. Asubuhi moja akausukuma uji wake mbali, akasema ni maji matupu. Kabla siku ya kila mwaka ya kusafisha makaburi haijarudi, naye alikuwa na kaburi la kusafishwa. Kaka yake, Teong Hin, alianza vivyo hivyo: alilalamikia nyama ya mkewe mbele ya wageni, wageni wakacheka, wakamwita mzee wa nongwa. Baada ya miezi michache hawakucheka tena. Kwa hiyo siku uji wa Guat Sim, mke wake, ulipompita kinywani kama karatasi iliyoloweshwa, Mzee Khaw aliweka kijiko chini.

"Umesahau chumvi?" aliuliza.

"Nimetia kama siku zote," Guat Sim alijibu, mgongo umemwelekea, akisugua sufuria iliyokwisha kutakata.

"Haya."

Hakuuliza tena. Mchana mchuzi wa samaki ukawa hivyo hivyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Mke hakuambiwa kitu. Ya nini kumliza mtu kabla ya wakati?

Kwa mtu mwingine kupotewa na ladha ni hasara ndogo. Kwa Mzee Khaw ilikuwa kama kunyang'anywa nyumba. Alilelewa na chakula cha barabarani, wakati chakula kilipokuwa bado kinamfuata mtu mlangoni. Muuza tambi alipita na mkokoteni wenye jiko la makaa, na mbele yake alitangulia mwenzake akigonga vipande viwili vya mwanzi. Kila muuzaji alikuwa na namna yake ya kugonga, na mtu aliyelala ghorofani alijua kwa mlio tu kwamba leo kapita nani. Mama yake Khaw aliteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, bakuli na sarafu ndani, kisha kikapu kikapanda kinatoa mvuke. Siku hizi chakula huletwa na pikipiki, na anayekuletea hakutazami usoni. Anatazama simu.

Shule aliiacha akiwa mdogo. Kusoma alijifunzia kwenye magazeti yaliyofungiwa tambi: alikula, akailainisha karatasi yenye mafuta juu ya goti, akasoma habari za vita na bei ya utomvu wa mpira mpaka pale doa la mchuzi lilipoyala maneno. Ndiyo sababu mpaka leo anajua mwanzo wa mambo mengi na hajui mwisho wake. Herufi hizo hizo ndizo zilizompa kazi. Alikuwa mchora vibao vya maduka, herufi za dhahabu juu ya mbao nyeusi, kibao kimoja wiki nzima. Halafu ikaja plastiki. Mashine inatema bango kabla chai haijapoa, na baada ya mwaka jua limekwisha kulifuta, na hakuna anayeona haya. Vibao vyake vichache bado viko juu ya milango, dhahabu imefifia, na chini yake wanauza fulana za watalii.

Kilichobaki kwake ni kula. Basi alipojua kwamba safari imefika, aliamua kupita kwa wauzaji wake wote, mmoja mmoja, akale kwa kila mmoja mara ya mwisho. Hakutaka kuwaaga kwa mdomo. Angekula, angelipa, angeondoka.

Alianza kwa Boon Haw, mkaanga tambi bapa za mchele, kwa sababu karai la Boon Haw ndilo lenye kelele kuliko yote.

"Mjomba Khaw! Bado uko hai?" Boon Haw alipiga kelele juu ya moto. Hiyo ndiyo salamu yao ya miaka yote.

Leo ilimchoma Mzee Khaw. "Kwa leo niko."

Boon Haw aliacha kucheka. Alimtazama, akatazama chini, akaanza kukaanga. Kwake kila sahani hukaangwa peke yake: mafuta ya nguruwe yanalia, zinaingia tambi, yai, kamba, machipukizi ya maharage, na kombe wa baharini mwisho kabisa ili wabaki wabichi kidogo. Mzee Khaw alikuwa amekaa upande asioona karai. Sahani ikaja. Akatia mdomoni, akatafuna, akangoja. Hakuna kitu. Tambi ziliteleza, kombe walikuwa kombe, lakini ladha ilikuwa imehama.

"Vipi, Mjomba?"

"Tamu."

"Kweli?"

"Nimekwambia tamu! Unataka nikuandikie kibao?"

Boon Haw alijifuta jasho kwa mkono wa shati, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyesimama msibani. "Jitunze, Mjomba," alisema kwa sauti ndogo.

Mzee Khaw alitembea kuelekea kituo cha basi akilirudia neno hilo. Boon Haw, ambaye hajawahi kumwambia mtu jitunze tangu azaliwe! Basi hata yeye ameona. Kifo kiko usoni, watu wanakisoma kama kibao.

Kwa Bwana Kader, muuza tambi za kukaanga za Wahindi Waislamu, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kader ni mtani wake tangu wote wawili walipokuwa na nywele. Siku hiyo hakumtania hata kidogo. Alimfutia kiti kwa kitambaa. Sahani iliyopaswa kuwa nyekundu kwa pilipili ilikuja imepauka kama mgonjwa.

"Kader, umeishiwa sosi?"

"Sosi ipo, mzee wangu. Kula tu. Kula taratibu."

"Tangu lini mimi nikawa mzee wako? Mwezi uliopita uliniita nyani."

"Mwezi uliopita sikuwa najua," Kader alisema, halafu akajiuma mdomo, akaenda kugombana na jiko lake.

Sikuwa najua! Mzee Khaw alimaliza sahani kwa heshima, kama mtu anayekula chakula cha matanga yake mwenyewe.

Jumapili binti yake, Pei Shan, aliwapeleka wote kwenye mgahawa mpya ndani ya jengo la maduka, penye baridi ya kugandisha meno. Mlangoni palikuwa na mkokoteni wa kale, mzima kabisa, umepigwa vanishi, na juu yake wameweka maua ya plastiki. Mzee Khaw aliuzunguka. Magurudumu yalikuwa ya mkokoteni wa kweli uliowahi kumlisha mtu wa kweli.

"Baba, njoo ukae."

"Wameuua, halafu wameuvalisha," alisema Mzee Khaw.

Waliagiza kwa kugusa kioo. Guat Sim alikichukua kioo, akakisogeza karibu na pua, akabonyeza kwa muda mrefu. Kisha akamfuata msichana wa pale akamnong'oneza. Chakula kilikuja kwenye sahani za bati zilizotengenezwa zionekane kuukuu. Mzee Khaw alionja, na kwa mara ya kwanza akapata tumaini dogo: huenda hapa kosa si langu, huenda hawa hawajui kupika tu. Akainua macho. Wajukuu walikuwa wanalamba sahani. Pei Shan alikuwa anafumba macho kwa utamu. Tumaini likazima.

Alibakiza mmoja, Lay Choo muuza laksa. Alimwacha wa mwisho kwa kusudi. Supu ya laksa ya Lay Choo ni ya samaki na ukwaju, imekolezwa pilipili na ua la tangawizi, ina nanasi na nanaa juu, na mwisho anadondosha kijiko cha mchuzi mzito mweusi wa uduvi. Uchachu wake humfanya mtu akunje uso kabla hajaonja. Mzee Khaw alijiambia: kama na hii imekufa, basi sitaonja kitu tena, nitakwenda nyumbani, nitalala, ningoje.

Alifika asubuhi, mkahawa umejaa. Lay Choo ana pembe yake mle ndani, na meza zote ni za mwenye mkahawa, zenye nyuso za marumaru, ndogo, za kugongana magoti. Kwetu hakuna anayekula peke yake penye kiti kitupu. Mzee Khaw alikaa mbele ya dereva wa lori aliyetoka Taiping, mtu mnene mwenye taulo shingoni, ambaye naye alikuwa ameagiza laksa.

"Mzee, hii laksa ndiyo wanayoisifia?" dereva aliuliza. "Nimeacha lori langu pabaya kwa ajili yake. Wakinipiga faini nakudai wewe."

"Mimi sikukuita."

"Haya basi, umeamkia kushoto. Nimeuliza tu."

Lay Choo alileta mabakuli mawili. Moja aliliweka mbele ya dereva kwa haraka. La pili aliliweka mbele ya Mzee Khaw polepole, kwa mikono miwili, kama anayeweka sadaka.

"Kaka Khaw," alisema, "kula. Ukitaka kitu, niite."

Macho yale yale ya msiba. Mzee Khaw aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu wa dini sana, lakini alifumba macho, akamkumbuka baba yake na bakuli la uji lililosukumwa. Wakati huo mwenye mkahawa alifika na kahawa zao mbili. Meza haikuwa na nafasi, na yeye, kama kawaida yake, hakuomba: alisukuma mabakuli kwa kiwiko, moja huku moja kule, akatua vikombe katikati, huyo akaenda.

Mzee Khaw alifumbua macho, akachota, akatia mdomoni.

Taya zilimkaza. Uchachu ulimpiga pande zote mbili chini ya masikio, pilipili ikapanda puani, na nyuma yake ukafuata ule utamu mweusi wa uduvi, mzito, wenye harufu ya ufuko usiofagiwa, mbaya na mzuri kwa pamoja. Machozi yalimtoka. Akachota tena haraka, kama mwizi. Nanasi! Nanaa! Akameza akakohoa, akachota tena.

Mbele yake dereva alikuwa ameshika kijiko hewani.

"Lo! Mama!" dereva alipaza sauti. "We mama wa laksa! Hii ni supu au maji uliyooshea mikono?"

Mkahawa mzima uligeuka. Lay Choo alikuja mbio, mwiko mkononi, tayari kwa vita, maana hajatukanwa laksa yake tangu aanze kuiuza. Alipofika mezani akaangalia bakuli la dereva, lililopauka. Akaangalia la Mzee Khaw, jeusi, limebaki nusu. Rangi ikamtoka.

"Kaka Khaw, tema!"

"Hm?"

"Tema, nakwambia! Usimeze! Guat Sim ataniua!" Akalishika bakuli. Mzee Khaw akalishika upande wa pili.

"Liache!"

"Liache wewe!"

"Jamani, ni langu hilo," alisema dereva, "kama kuna mtu anajali."

"Guat Sim anahusika vipi?" Mzee Khaw aliuliza. Mchuzi ulikuwa unamtiririka kidevuni. "Lay Choo. Mke wangu anahusika vipi na laksa?"

Lay Choo aliachia bakuli. Akavuta kiti cha meza ya jirani, akakaa, mwiko mapajani.

"Alikuja hapa wiki ya mwaka mpya ilipokwisha. Daktari amemwambia damu yako inapanda vibaya, wewe umemtukana daktari ukatoka nje. Ni kweli au si kweli?"

"Daktari mwenyewe hajaota ndevu."

"Ni kweli, basi. Guat Sim akaja kwa kila mtu unayekula kwake. Khaw akija, hakuna chumvi, hakuna sosi, hakuna mafuta ya nguruwe, hakuna mchuzi wa uduvi, na asijue, maana akijua atakwenda kula kwingine. Akatuapisha, Kaka. Mimi na Boon Haw tumeapa hapa hapa, mbele ya madhabahu ya mkahawa, na ubani mkononi. Kader akasema ubani hashiki, akaapa kivyake. Yako nilikuwa naichanganya na maji ya moto pembeni. Roho ilikuwa inaniuma! Miaka yote hii, halafu mimi natia maji laksa yangu kwa mkono wangu mwenyewe!"

Mzee Khaw alijipangusa kidevu. Aligusa ulimi wake kwa kidole, mbele ya watu wote.

"Kwa hiyo siumwi."

"Unaumwa damu!"

"Lakini ulimi..." Akaugusa tena. "Ulimi ni mzima."

"Ulimi wako? Huo utakufa mwaka mmoja baada yako, bado unagombana."

Mzee Khaw alianza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu aliyesahau namna ya kucheka, na kilikwenda mpaka akashika meza. Dereva aliangalia, akaangalia bakuli lake la maji, naye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Lay Choo peke yake hakucheka. Alikuwa amefahamu.

"Ulidhani nini, Kaka Khaw?"

"Nimepiga picha," alisema Mzee Khaw, akipangusa macho. "Na koti."

Lay Choo alifunika mdomo kwa mkono.

Dereva alipikiwa bakuli jingine, la kweli, akalimaliza bila kuinua kichwa, akaenda zake kutafuta lori lake. Mzee Khaw hakuruhusiwa kumaliza lile lililobaki. Alipita kwa Boon Haw njiani, akasimama mbele ya karai, akamwita msaliti, mnafiki na mpika uji wa wagonjwa. Boon Haw alipoelewa kwamba siri imefichuka alirusha mwiko juu kwa furaha, akamwita mzee fisi asiyeshiba. Salamu ikawa imerudi mahali pake. Kwa Kader hakufika, alimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, na Kader, alipouona uso ule, akapaza sauti, "Nyani!" Wapita njia waligeuka.

Alitembea hadi nyumbani, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. Alipita chini ya kibao chake kimoja, juu ya duka la fulana, akaona kwamba herufi ya pili ameichora mrama, na imekuwa mrama vile miaka yote bila mtu kumwambia. Mji huu umekwisha, hilo hakulibadilisha moyoni. Wanaokula wamekuwa wengi na wanaojuana wamekuwa wachache. Lakini palibaki mtaa mmoja ambao mwanamke anaweza kuupita kutwa nzima, karai hadi karai, akamwombea mumewe chakula kibaya, na kila mmoja akakubali kuharibu kazi yake. Aliutafuta uchungu wake wa kawaida, akaukosa. Akaona atautafuta kesho.

Guat Sim alikuwa anachambua mboga. Aliona doa la mchuzi mweusi kwenye shati na mikono yake ikasimama.

"Lay Choo," alisema. "Nilijua huyo ndiye atakayevunja kiapo."

"Hakukivunja. Ni kiwiko cha mwenye mkahawa kilichobadili mabakuli." Mzee Khaw alikaa. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kumgombeza, maneno makubwa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Ungenisikiliza?"

"La."

"Haya."

"Nilidhani ni kama Baba," alisema. "Na Teong Hin. Nilidhani ndiyo imeanza."

Guat Sim aliacha mboga. Akamrushia kitita kizima cha mchicha, kikampiga kifuani.

"Wiki zote hizi! Unakwenda kulala kila siku unadhani unakufa, na mimi niko pembeni yako, na husemi! Wewe ni mtu au jiwe?"

"Wewe ulisema?"

"Mimi nilikuwa nakuokoa!"

"Na mimi nilikuwa nakuonea huruma!"

Nje alipita mtu wa pikipiki na chakula cha mtu mwingine. Guat Sim alijipangusa uso kwa kanga ya jikoni, akaokota mchicha jani kwa jani, akausuuza, akautia chunguni. Mzee Khaw hakuomba chumvi. Chakula kilipofika alichota kijiko kilichojaa, akakizungusha mdomoni pande zote, bila haraka, akisaka.

"Ni dufu," alisema, na uso ukamkunjuka. "Dufu kabisa. Hakuna kitu hapa."

"Najua," alisema Guat Sim. "Kula."

Akala, akaongezwa.